Usisome Neno la Pili

Chuo nilikijua kwa mifuko. Wenzangu walikijua kwa kusimuliwa na kaka zao. Mimi nilikijua kwa kutumbukiza mkono kwenye mifuko ya suruali chafu. Duka letu la udobi linatazamana na lango kubwa la chuo, na kwa Mama hakuna nguo inayogusa maji kabla mifuko yake haijapekuliwa. Kinachopatikana kinatiwa kwenye bahasha, na bahasha inabanwa kwenye nguo ikishapigwa pasi, irudi kwa mwenyewe. Hakisomwi.

"Sisi ni madobi," Mama husema, "si wapelelezi."

Mimi nilisoma. Nisidanganye. Nilisoma kila karatasi iliyopita mkononi mwangu tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na kama kungekuwa na mtihani wa maisha ya wanafunzi wa pale, ningewashinda wao wenyewe.

Majina yao sikuyajua. Mama haandiki majina kwenye nguo za watu, anatia uzi. Kila mteja ana rangi yake na idadi yake ya mishono, ndani ya kola au kwenye kiuno cha suruali, mahali pasipoonekana. Kwa hiyo kulikuwa na Kijani, binti wa mshono mmoja wa kijani, na kulikuwa na Weusi-Wawili, kijana mrefu wa mishono miwili myeusi. Mwaka mzima nguo zao zilikuja ndani ya furushi moja. Nilikuta vipande vya tiketi za onyesho lile lile, viti vimefuatana. Kisha wiki moja zikaja katika mafurushi mawili, siku mbili tofauti, na kwenye koti la Kijani nikakuta barua iliyochanwa vipande vinne. Siku hiyo chakula hakikupita.

"Umefiwa na nani?" Mama aliniuliza.

"Wameachana."

"Kina nani?"

Ningemjibu nini? Nikamwambia ni watu wa kwenye mchezo wa redio. Mama akaguna, akasema redio itanimaliza.

Nilikitaka chuo kile mpaka nikaishiwa aibu. Masomo niliyataka pia, nilitaka kusomea maabara, na darasani sikuwa mtu wa kuchekwa. Lakini nikiwa peke yangu uani, naanika, sikuwa nikiwaza maabara. Nilikuwa nikiwaza bwalo la chakula. Nitaingia na sahani yangu, nitakaa wapi? Nani ataniambia, "njoo hapa"? Safari moja nilikuta kwenye mfuko wa shati orodha ya watu wa kualikwa kwenye sherehe ya kuzaliwa, majina kumi na manne, na moja limekatwa kwa kalamu kwa nguvu mpaka karatasi imetoboka. Jina lile lililokatwa lilininyima raha wiki nzima. Nilijiuliza alikosa nini. Nilijiuliza kama mimi ningekuwa miongoni mwa wale kumi na watatu au ningekuwa yule mmoja.

Nilifanya mazoezi. Mama angejua angenipeleka kuombewa. Nilitundika gauni kwenye henga, nikalisalimia kama mtu ninayelala naye chumba kimoja: "Kumbe na wewe uko kitanda cha dirishani? Mimi nipo cha mlangoni, lakini sina neno." Nilijizoeza kucheka bila kuonyesha meno yote. Gauni lilinivumilia.

Mwanafunzi pekee niliyezungumza naye kwa kituo ni Dada Miwani, wa mwaka wa tatu, mwenye vioo vinene na mablanketi mengi kuliko mtu yeyote duniani. Nilimuuliza mambo ya bwalo, yeye akaegemea meza yetu kama mhadhiri.

"Siku ya kwanza usikae peke yako," alisema. "Lakini pia usikae na wa kwanza kukuita. Wa kwanza kukuita anamwita kila mtu. Kaa na yule anayetazama mlango kama wewe."

"Na wakijua mimi ndiye niliyekuwa nikiwafulia?"

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi niliyoipiga pasi mwenyewe. "Mdogo wangu, kule kila mtu ana chake anachokificha. Chako angalau ni kisafi."

Mama alikuwa akisikia kutoka kwenye pasi. "Na aone haya kwa lipi?" alisema. "Soksi zao si yeye aliyezishika? Wao ndio wajifiche."

Tulicheka wote watatu.

Nafasi niliyoiomba ilikuwa ya ufadhili, maana nyingine nisingeiweza, na ufadhili ule unatolewa kwa waliomaliza shule mwaka huo huo tu. Ukipita, umepita. Fomu niliijaza kwenye duka la vifaa vya ofisi, mtu wa kompyuta akinisomea maswali. Alipofika kwenye namba ya simu nikasita. Simu yangu ilikuwa imeangukia kwenye ndoo ya wanga mwezi mmoja nyuma, ikatoka imekakamaa kama kola ya bwana harusi. Basi nikaandika namba ya duka. Simu hiyo huwa kwenye mfuko wa aproni ya Mama, na namba yake imeandikwa kwa rangi ukutani juu ya mlango wetu tangu sijajua kusoma. Nilijiona nina akili: namba isiyobadilika, mikononi mwa mtu asiyetoka dukani.

Sasa niieleze hiyo simu, kwa sababu kisa chote kimo humo.

Namba iliyoandikwa ukutani kila mtu anaiona, na matapeli ni watu. Miaka miwili kabla, Mama alipata ujumbe: Hongera, duka lako limeshinda zawadi. Akafuata maelekezo hatua kwa hatua, kwa utii, kama anavyofuata maelekezo ya sabuni mpya, na akiba yake ya kununulia pasi ya mvuke ikaenda na maji. Alinieleza mbele ya mteja, na mbele ya mteja huyo huyo nikamgeuka.

"Mama, wewe ni mtu mzima! Mtu usiyemjua anakwambia hongera, unamwamini? Nani akupongeze wewe? Kwa lipi?"

Hayo ni maneno yangu. Sikuazimwa na mtu. Mama alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena, mpaka mteja mwenyewe akaona aibu akatoka nje.

Baadaye nilimhurumia, nikakaa naye nikampa somo. Nilimwonyesha jinsi ya kufuta ujumbe. Nilimwonyesha jinsi ya kuifunga namba isimpate tena. Nikamwekea sheria, na kama mwalimu yeyote mpya nikamtaka airudie.

"Ukiona ujumbe umeanza na Hongera, usisome neno la pili. Futa."

"Nisisome neno la pili," Mama alirudia. "Nifute."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama alikuwa hodari wa sheria ile kuliko mimi niliyeitunga. Kila alipofuta alinitangazia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayerudisha heshima yake kidogo kidogo. "Leo mmoja." "Leo wawili, na mmoja alijifanya mchungaji." Nilimsifu kila mara. Nilikuwa na deni la sifa kwake.

Tukaanza kungoja. Nilimwambia, "Mama, ukiona ujumbe wa chuo niite, hata kama niko chooni." Jioni kabla ya kufunga niliichukua simu nikaipekua mwenyewe. Kulikuwa na wateja wakiuliza mashati, na mmoja aliyemtumia Mama maneno ya mapenzi kwa makosa akaomba radhi kwa ujumbe mwingine mrefu zaidi. Wa chuo haukuwepo. Sote wawili tulikuwa tukitazamia ujumbe ambao juu yake pameandikwa jina la chuo, kwa herufi kubwa, kama pale langoni.

Mama hakungoja mikono mitupu. Ndani ya kopo lake la nyuzi mna rangi moja ambayo hakuwahi kumpa mteja, njano iliyoiva, na alikuwa akiitunza tu. Siku moja nikamkuta ameitoa, anaitia kwenye nguo zangu zote: blauzi, sketi, hadi vitambaa vya mkono.

"Huko mabwenini nguo zinapotea," alisema bila kuinua kichwa. "Wewe utakuwa Njano. Mshono mmoja. Hakuna mwenzio."

"Mama, sijajibiwa bado."

"Mvumilivu hula mbivu. Lete hilo shuka."

Kisha ikaja Jumanne. Nilikuwa nimetoka uani, mikono imejaa povu, nikamkuta Mama amesimama katikati ya duka, simu mkononi, anang'aa.

"Leo nimewakomesha!" alisema. "Kuna mmoja anang'ang'ania huyo! Ijumaa Hongera, nikafuta. Jana Hongera, nikafuta. Leo asubuhi tena, namba ile ile. Nimeifunga kabisa, ile njia uliyonionyesha. Akawatafute wajinga wenzake."

"Hukusoma neno la pili?"

"Nisome la nini?"

Nikainua mkono wangu wa povu, Mama akainua wake, tukagonganisha viganja mpaka povu likamrukia usoni. "Mama," nilimwambia, "sasa wewe ndiye mwalimu." Alicheka mpaka ikabidi aweke pasi pembeni.

Wiki tano baadaye Dada Miwani alikuja kuchukua mablanketi yake. Aliniuliza kwa furaha kabisa, "Haya, wapya wanaingia Jumatatu. Wewe umepangiwa bweni gani?"

"Sijajibiwa."

Aliyarudisha mablanketi mezani. "Majibu yametoka siku nyingi," alisema taratibu. "Watu walishathibitisha. Hukupata ujumbe?"

Nilivua aproni. Mashati ya karani wa udahili yalikuwa tayari kwenye henga, mishono mitatu ya bluu. Nikayatwaa na kumwambia Mama nakwenda kumpelekea. Mama akasema haijawahi kutokea dobi kumfuata mteja. Nikasema leo imetokea.

Karani alikuwa dirisha la tatu. Shati alilovaa nililipiga pasi mimi. Nililijua kwa mkono wa kushoto, ambao kila siku nautia mistari miwili badala ya mmoja na kila siku Mama ananisema. Aliyapokea mashati, akashangaa, akashukuru. Nikamwambia nina shida nyingine, nikampa jina langu. Alibonyeza, akasubiri, akasogeza uso karibu na kioo.

"Wewe ulichaguliwa," alisema. "Ulikuwa wa sita."

Nilishika ukingo wa dirisha. Kwa muda mfupi sana nilifurahi. Nilifurahi kweli kweli, moyo ulinipanda, na ile furaha siwezi kumsimulia mtu kwa sababu ilikuwa imeshapitwa na wakati.

"Lakini hukuthibitisha," aliendelea. Akaigeuza kompyuta nione. Ujumbe mara tatu: Ijumaa, Jumatatu, Jumanne. Namba iliyotumiwa ilikuwa ile ya ukutani kwetu. Kila ujumbe ulianza na neno moja. Nililisoma, kisha nikasoma la pili, na la tatu, hadi mwisho. Hongera, umechaguliwa kujiunga na chuo kwa ufadhili kamili, thibitisha ndani ya siku kumi.

"Tulipoona kimya tukapiga simu," karani alisema. "Mara mbili. Haikuingia. Siku kumi zikaisha, nafasi ikaenda kwa mtu wa akiba. Pole sana, binti yangu."

"Na mwakani?"

Alitikisa kichwa. Hakuhitaji kunisomea, sharti lile nililijua kuliko yeye.

"Hiyo simu ilikuwa kwa nani?" aliuliza.

"Kwangu," nilisema.

Sijui lilitoka wapi jibu lile. Nilikuwa bado sijapanga kusema uongo wowote. Nilimwona tu Mama akilini mwangu, amesimama mbele ya dirisha lile na aproni yake, anaulizwa, na mdomo wangu ukawahi.

Nilitoka nikapita kando ya bwalo, kwa mara ya kwanza maishani, maana kabla ya hapo niliona ni kama kuonja chakula kabla ya kukaribishwa. Madirisha yalikuwa wazi. Meza ni za mbao, ndefu, na watu hawakai kama nilivyowaza. Wanakaa ovyo, wengine wamegeuziana migongo. Kwenye kona niliona koti la Kijani, na aliyekaa karibu naye, wakila sahani moja, alikuwa kijana mrefu. Wamerudiana. Hakuna mfuko ulioniambia. Nikasimama pale nikalia kama mtoto aliyeachwa sokoni, na wawili watatu waliopita walinikwepa kwa adabu.

Barabara niliivuka na hasira ya kumla mtu. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Mama, umeniua. Mama, mtoto wako alikuwa wa sita na wewe umemfuta kwa kidole. Nilitaka aumie, nasema kweli, nilitaka japo mtu mmoja zaidi aumie kama mimi. Kisha nikafika mlangoni, chini ya ile namba, na sauti niliyoisikia kichwani haikuwa ya Mama. Ilikuwa yangu, ya miaka miwili iliyopita. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Hawasemi kwamba wakati mwingine humvuta na mama yake.

Alikuwa anapiga pasi. Aliniona uso, akaacha pasi hewani.

"Sijachaguliwa," nilisema.

Mama aliizima pasi. Mchana kweupe, kazi imejaa, aliizima, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya msiba wa baba yangu. "Nani kasema?"

"Karani. Nimeona mwenyewe."

"Labda umesoma vibaya."

"Sikusoma vibaya, Mama."

Akakaa juu ya furushi la nguo chafu, yeye anayenigombeza nikiliegemea tu. Machozi yalimtoka bila sauti, halafu sauti ikaja. "Nilijua," alisema. "Moyoni nilijua. Watu kama sisi nani atupongeze? Kwa lipi? Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia."

Hapo nilikaribia kusema. Mungu anajua nilivyokaribia. Ukweli ulikuwa na mambo mawili yaliyoshikana: kwamba walitupongeza, mara tatu, wakapiga na simu, na kwamba alifuta. La kwanza nilitamani alijue kuliko nilivyowahi kutamani chuo. Nilitamani ajue kwamba binti yake alikuwa wa sita. Lakini hakuna namna ya kumpa la kwanza bila la pili, na la pili Mama asingelibeba. Namjua. Angeendelea kufua, angeendelea kupiga pasi, na kila siku angekuwa anakufa kidogo pale pale dukani, mbele ya lango lile.

"Nilisema ujinga, Mama," nilimwambia. "Siku ile nilisema ujinga. Nisamehe."

"Hukusema ujinga." Alijifuta kwa aproni, akasimama ghafla. "Nitakwenda mwenyewe. Yule karani namfulia mwaka wa saba huu. Atanieleza mwanangu amekosa nini."

Nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia riziki haivutwi kwa kamba. Methali ile naichukia tangu utotoni, naona ni ya watu waliochoka, lakini siku hiyo niliisema mara tatu, nikaisema vizuri, mpaka akakaa.

Karani alikuja Ijumaa na furushi lake. Mama alikuwa ameinamia pasi, na kabla hajamwona nilikuwa nimeshafika kwenye meza. Alifungua mdomo. Nilimtazama. Akamtazama Mama, akaiona simu ilivyotokeza kwenye mfuko wa aproni, akanitazama tena mimi. Kisha akaufunga mdomo, akasema kola zake safari hii zizidishwe wanga kidogo. Tangu siku hiyo ananiita "mwanangu," na sijui kama nimshukuru au nimchukie.

Chuo kilijaa. Furushi juu ya furushi, wageni wote walikuja na nguo zao kwa siku tatu. Nilipekua mifuko. Sikusoma tena; kila karatasi niliitia kwenye bahasha ikiwa imekunjwa kama ilivyokuja, na Mama alidhani nimekua.

Wiki ya pili aliingia binti mmoja mdogo wa umbo, begi kubwa kumzidi, akasalimia "shikamoo Mama" kwa sauti ya mtu ambaye hajaongea na mtu tangu asubuhi. Mama aliitikia marahaba, akamvutia kigoda. Yeye watoto wa watu huwavutia kigoda kabla hajawauliza wamefuata nini.

"Mgeni?"

"Mgeni kabisa. Hata sikutarajia kuwa hapa." Akatabasamu, akatazama sakafu. "Mimi nilikuwa wa akiba, Mama. Nilishakata tamaa, nimeshaanza kujifunza kusuka nywele kwa shangazi. Mara napigiwa simu, naambiwa kuna mtu kwenye ufadhili wa maabara hakuthibitisha, njoo."

Nilikuwa nahesabu blauzi zake. Nikazihesabu upya.

"Ni bahati yako, mwanangu," Mama alisema. Sauti yake ilitetemeka kidogo tu; alikuwa akijitahidi kumfurahia mtoto wa mwenzake. "Kufa kufaana. Umepata chumba kizuri?"

"Kizuri, kitanda cha dirishani. Ila…" Alisita, akacheka, meno yote nje. "Bwaloni bado nakaa peke yangu. Kuna dada mmoja ananiita kila siku, lakini anamwita kila mtu."

Nilimaliza kuhesabu. Ilikuwa blauzi tano. Nilimtazama kwa mara ya kwanza, na nilitaka sana kumchukia, ingenisaidia. Alikuwa na wino kwenye kidole na kifungo kimoja kimelegea.

"Usikae na huyo," nilimwambia. "Angalia meza zote, mtafute mtu anayetazama mlango kama wewe. Kaa naye huyo."

"Umesoma pale?"

"Hapana. Nafua tu."

Alishukuru, akaacha begi, akaondoka. Mama alikuwa ameshafungua kopo la nyuzi, anageuza geuza. Rangi zote zilikuwa na wenyewe, na kwa wingi wa wageni wale ameshafika kwenye mishono minne minne.

"Huyu nimtie nini?" aliuliza.

"Mtie njano."

Mama aliacha kugeuza. "Hiyo si yako?"

"Nguo zangu zinalala humu humu, Mama. Zipotelee wapi?"

Alinipa kile kidonge cha uzi, na mimi nikavuta kigoda alichokalia yule binti, nikatunga sindano. Mama alirudi kwenye pasi. Alipiga shati moja, la pili, na nilijua kuna jambo linamkera kwa jinsi alivyokuwa akiivuta pasi kwa nguvu.

"Lakini watu wengine," alisema mwishowe. "Mtoto anapewa nafasi kama ile, bure, wenzake wanalia usiku na mchana, na yeye kunyanyua simu tu aseme ndiyo hataki! Haya, tuseme mtoto ni mtoto. Na mama yake je? Mama yake alikuwa wapi?"

Nilitoboa kola, nikaupitisha uzi, nikauvuta taratibu mpaka fundo likakaa.

"Alikuwa kazini, Mama," nilisema.